Mlango wa Gereji ni wa Laki, Mbele Yake ni Matope

Leo hakuna mapishi na hakuna video ya ukungu ukipanda kutoka kwa majani chai. Leo ni zege na kokoto, na mwenye kutaka kuondoka aondoke mapema.

Nianze na usiku mmoja wa mwezi wa tano. Saa nane, mvua ile yetu ya kuanza alasiri na kusahau kuacha. Kogo akazidiwa, pumzi haziingii vizuri. Gari lipo, lina mafuta, liko ndani ya gereji mpya yenye mlango wa kukunja ambao niliwaonyesha hapa mkaupenda sana. Baba akawasha. Gari likatoka mita mbili likakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Magurudumu yanazunguka, matope yanaturukia usoni, gari halisongi hata nusu hatua. Kutoka mlango wa gereji hadi barabarani ni mita 40. Tulimbeba kogo kwa blanketi mita hizo 40, mimi nikishika pembe ya upande wa miguu, nikiteleza, nikiogopa kumwangusha, hadi kwa Probox ya jirani iliyokuwa inatungoja juu. Alipona. Na mpaka leo wageni wakija anawaambia, "Hawa walijengea gari nyumba nzuri, wakasahau gari hutoka."

Sasa ndio mnaelewa kwa nini msichana wa video anawaandikia habari ya simiti.

Kwanza nieleweke: nikisema gereji sisemi pale kwa fundi wa magari. Nasema kile chumba cha kulaza gari nyumbani. Siku hizi huku kwetu, kuanzia Litein hadi Silibwet, kila boma la kijana aliyepata kazi mjini linajengwa na gereji. Sina shida na hiyo. Shida yangu ni vile tunapanga pesa. Mlango unakula pesa, paa linakula pesa, taa za kuwaka zenyewe zinakula pesa, halafu ardhi ambayo gari litakanyaga kila siku inapewa baki. Na baki hakuna. Msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunipinga: kama una pesa ya kitu kimoja tu, jenga eproni ya zege mbele ya mlango na njia ya kokoto hadi barabarani, gari lilale nje chini ya mabati mawili. Mlango utakuja mwaka mwingine.

Eproni ni ule mkeka wa zege unaoanza pale sakafu ya gereji inapoishia na kutoka nje mita chache. Mimi nilikuwa nadhani ni urembo. Sio urembo. Angalia gereji yoyote isiyo nayo baada ya msimu mmoja wa mvua. Gurudumu linapotoka kwa udongo likipanda sakafu, linagonga mahali palepale kila siku. Udongo unachimbika, unakuwa bakuli. Bakuli linashika maji. Maji yanalainisha udongo chini ya ukingo wa sakafu, ukingo unabaki ukining'inia bila kitu chini yake, na siku moja unavunjika. Kwetu kilitoka kipande ukubwa wa chapati, mwezi wa nne, sakafu haijamaliza hata miezi mitano. Fundi alisema ni simiti mbaya. Simiti ilikuwa sawa, haikuwa na kitu cha kukalia.

Baba mdogo anaishi Rongai. Aliposikia habari ya kogo alikuja wikendi hiyohiyo, akasimama kwa veranda, akaangalia yale matope, akasema, "Hii yote tupige kabro. Boma lote. Tumalize hii aibu."

Nikamwambia, "Baba mdogo, boma lote ni mita mraba 200."

"Na kwani iko nini? Tutachukua mkopo, bonasi italipa."

Hapo ndipo nilianza kufanya hesabu, na hesabu ndiyo ilinibadilisha. Acha bei kwanza. Angalia maji. Mvua ya milimita 40 kwa alasiri moja si hadithi huku kwetu, Kericho inapata karibu milimita 2,000 au zaidi kwa mwaka, na mara nyingine inakuja ikiwa imeganda. Milimita 40 juu ya mita mraba 200 ni lita 8,000. Ukifunika boma lote na kitu kigumu, maji mengi ya hizo lita 8,000 hayana pa kuingia. Yanateremka. Na kwetu ukiteremka unakuta chai ya mama mmoja jirani, mistari kumi na kitu hivi, ambayo ndiyo karo ya watoto wake. Kwa hiyo ile "aibu" yetu tungeisafisha kwa kumpelekea yeye mtaro katikati ya shamba. Watu wamegombana vizazi viwili kwa sababu ya maji ya paa. Sitaki niwe ndiye niliyeanzisha yetu kwa sababu nilitaka boma lifanane na mtaa wa Nairobi.

Tena kabro si adui. Mahali tambarare, udongo ukishindiliwa vizuri, inakaa miaka. Lakini ukiipanga juu ya udongo laini, itafuata ule udongo chini, na utakuwa na matope yenye mistari mizuri.

Kuna Mskoti mmoja, John Loudon McAdam, ambaye karibu miaka 200 iliyopita alikuwa na wazo ambalo nilipolisoma niliweka simu chini. Alisema kinachobeba gari si mawe, ni udongo wenyewe. Udongo ukiwa mkavu unabeba mzigo wowote. Kazi ya mawe juu yake ni kuwa paa la kuzuia maji yasiufikie, na kugawa uzito. Ndiyo maana alitaka mawe madogo, yaliyopondwa, yenye kona, yanayoshikana, na barabara iinuke juu kidogo kuliko pembeni ili maji yakimbie. Sasa chukua hilo wazo ulete kwa udongo wetu mwekundu. Huu udongo ni wa ajabu. Chai inaupenda kwa sababu unaenda chini sana na unapitisha maji vizuri ukiachwa na vitundu vyake. Ukiukanyaga na gari kila siku, vitundu vinafungika, maji yanabaki juu, na unapata sabuni. Ni udongo uleule. Upande mmoja wa ua ni utajiri, upande mwingine unazamisha Probox.

Kwa hiyo jambo la kwanza halikuwa kununua kokoto. Ilikuwa kuondoa maji. Paa la gereji yetu ni mita mraba 24. Ile mvua ya milimita 40 inaangusha lita 960 kutoka kwa hilo paa peke yake, na sisi hatukuwa na gata, kwa hiyo yote yalikuwa yanaanguka mstari mmoja mbele ya mlango. Karibu tangi zima la lita 1,000, kila alasiri mbaya, mahali gari linatokea. Tukaweka gata na tangi. Hiyo peke yake, kabla ya jiwe hata moja, ilipunguza matope nusu kwa macho yangu. Halafu mtaro upande wa juu wa njia, wa kushika maji yanayotoka kwa mlima kabla hayajafika kwa njia yenyewe. Mtaro upande wa chini hausaidii sana kama wa juu haupo, na watu wengi huchimba wa chini kwa sababu ndio rahisi.

Pale njia inapokutana na barabara kuna mtaro wa serikali, na hapo watu hufanya kosa moja: wanajaza mtaro mawe ili gari lipite. Mvua ikija barabara inageuka mto na kila mtu analaani kaunti. Weka kalvati, na uulize kabla ya kuweka. Kama barabara ni ya kaunti nenda kaunti, kama ni ya KeRRA au KeNHA nenda kwao. Na usiweke ile nyembamba ya milimita 300. Majani ya mablugamu huiziba kabla ya Krismasi. Angalau 450, jembe liweze kuingia kusafisha.

Sasa eproni yenyewe, kwa wale wanapenda namba. Yetu ni mita 3.6 kwa upana, mlango una mita 3, kwa hiyo inazidi kila upande kidogo. Urefu mita 4. Unene sentimita 10, isipokuwa ule ukingo wa mbele unaokutana na kokoto, huo tuliuchimba uende sentimita 20, kwa upana wa sentimita 30 hivi. Pale ndipo gurudumu linagonga likitoka kwa mawe, na sikutaka chapati nyingine. Chini ya zege kuna mawe yaliyoshindiliwa, juu yake wavu wa BRC, lakini wavu uinuliwe na vijiwe ukae ndani ya zege. Wavu uliolala chini kwa udongo umezika pesa tu. Mchanganyiko ni moja kwa mbili kwa nne: simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Ilikula mifuko 10. Mifuko 10 jamani. Kuna watu wananunua rimu za magurudumu kwa bei ya eproni tatu.

Eproni inaanza sentimita 2 chini ya sakafu ya gereji, ndio maji yakirushwa na upepo yasiingie ndani. Kisha inateremka sentimita 2 kwa kila mita, kwa hiyo mwisho wake uko sentimita 8 chini ya mwanzo wake. Usimwamini fundi anayesema anaona kwa jicho. Kamba na pima maji viko kwa duka. Na kati ya eproni na sakafu usiunganishe zege kwa zege. Acha nafasi ndogo iliyojazwa kitu laini, kwa sababu hivi vitu viwili vitatembea tofauti, kimoja kiko chini ya paa na kingine kiko juani.

Tulikosana na fundi mara moja tu, na ni kwa sababu ya maji. Alikuwa anaongeza maji kwa karai ili zege limiminike lenyewe. Kazi inakuwa rahisi, ndiyo, lakini maji ya ziada yanapokauka yanaacha vitundu na zege linakuwa dhaifu. Nikamwambia, "Mzee, si uji tunapika, ni kimnyet."

Akacheka mpaka akaweka sepetu chini. "Mtoto wetu, wewe umetoa hii wapi?"

"Kwa mama yangu."

Aliacha kuongeza maji. Nadhani kama ningekuja na lugha ya vitabu angeniambia niende nikapige video.

Kitu alichoshinda ni mikato. Zege likikauka linajikunyata, na lisipopewa mahali pa kupasuka litajichagulia. Kwa unene wa sentimita 10 hutaki kipande kinachozidi mita 3 bila mkato, na mkato uingie kama robo ya unene. Tulipanga mikato miwili, msalaba. Mmoja ulikatwa siku iliyofuata. Wa pili alisema atakuja kesho, kesho ikawa siku ya nne, na alipofika ufa ulikuwa umeshachagua njia yake, umepinda kama mto kwa ramani. Upo mpaka leo. Siufichi kwa picha.

Baada ya kumwaga, magunia ya maji juu yake siku saba, yasikauke. Watu hudhani Kericho ni baridi kwa hiyo haina haja. Jua la saa sita huku juu, mita 2,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari, linakausha zege bila kukuuliza. Gari halikupita kwa siku kumi. Baba mdogo alipiga simu mara tatu akiuliza kama sasa linaweza.

Njia ya kokoto ina siri mbili tu. Ya kwanza, usimwage kokoto safi juu ya udongo mwekundu. Zitamezwa. Nimeona mtu amemwaga lori zima mwezi wa pili, mwezi wa sita hakuna jiwe, amelisha mchanga. Sisi tulitoa udongo laini wa juu, tukaweka hadikoo sentimita 15, tukashindilia, halafu juu kokoto zilizochanganywa na vumbi la kwari, sentimita 7 na nusu hivi. Hilo vumbi ndilo gundi. Kwa mita 22 za sehemu tambarare, upana mita 3, ilikuwa lori mbili za tani 7 za hadikoo na moja ya kokoto. Katikati tukapainua kidogo kuliko pembeni, kama mgongo wa samaki, na pembeni tukapanga mawe makubwa ya kuzuia zisitembee. Pale zinapokutana na eproni ziache juu kidogo, kama kidole, kwa sababu zitashuka.

Ya pili ni jiwe lenyewe. Usichukue mawe ya mto, yale mviringo, hata kama jirani anakupa bure. Yanabingirika. Na kwetu tuna bahati ambayo hatujivunii: hapa chini tumekalia miamba ya volkano ambayo wanajiolojia wameipa jina letu, fonolaiti za Kericho. Jina lenyewe linamaanisha jiwe linalotoa sauti. Chukua nyundo ugonge. Jiwe zima linalia karibu kama chuma. Lililooza linasema "dup". Nilisimama kwa lori nikigonga mawe na dereva akidhani nimechanganyikiwa. Lori moja nililirudisha.

Sasa mambo ya pesa, na hapa ndipo kilio cha nyumba nyingi za chai kiko. Bonasi inakuja karibu mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi mvua bado ipo. Zege linataka Januari, wakati mvua zinapunguka. Lakini Januari ni karo. Kwa hiyo watu humwaga zege mwezi wa kumi au wa kumi na moja, mvua ya mawe inalitoboa saa kumi jioni hiyohiyo, na pesa imeenda. Tulichofanya: mwezi wa kumi tukanunua mawe, mchanga na wavu. Jiwe halina karo, haliozi, na hakuna mtoto wa shangazi atakuomba umkopeshe hadikoo. Simiti tuliacha. Hewa yetu ina maji hata siku ya jua, na mfuko ukikaa miezi mitatu kwa stoo unakuwa jiwe lingine. Kwa hiyo kilichobaki kutafutwa Januari kilikuwa ni mifuko 10 na kazi ya fundi, na hiyo tuliweza hata na karo.

Kuna mtu ataniambia hii ni mambo ya wazee, sisi vijana tunapanga nyumba za kupanga mjini. Sawa. Lakini ni nyinyi mnaotuma pesa nyumbani na kusema "jenga gereji, nakuja Krismasi na gari". Krismasi ni kukavu. Utakuja, utapiga picha, utarudi. Anayebaki na ule mlango mwezi wa nne ni mama yako.

Kazi yetu haijaisha. Zile mita 18 za juu, karibu na barabara, zina mteremko mkali, na kokoto kwa mteremko kama huo hazikai, mvua mbili zimefika chini. Mpango ni mistari miwili ya zege, mmoja kwa kila gurudumu, katikati nyasi. Si ubunifu wangu. Zimbabwe, ilipokuwa Rhodesia, ilijenga barabara ndefu kabisa za mistari miwili miaka ya 1930 pesa ilipokosekana. Ukiweka mistari ya sentimita 60 kila mmoja badala ya zege la mita 3, unatumia chini ya nusu ya simiti, na maji yanapata pa kuingia katikati. Baba mdogo ameikubali, lakini anataka angalau hapo mbele ya veranda pawe kabro, mita mraba 10 tu, kwa heshima yake. Tumempa. Kogo naye ameuliza kama atawekewa mahali pa kushika pembeni, na fundi amesema bomba la inchi moja na nusu litatosha.

Kama kwenu mmejenga hii mistari miwili, hasa kule Bomet juu kwenye miteremko, nitumieni picha. Ziwe za mwezi wa nne. Za Januari sitaki.